Siku ya Tatu

Asifiwe Mungu, anayezijua siku zetu kabla sisi hatujazihesabu, aliyenifikisha katika uzee huu nikiwa na meno machache na neema nyingi. Namshukuru kwa pumzi ya asubuhi hii. Debora, mjukuu wangu ninayeishi naye hapa Naviundu, ameniambia kwamba leo ni Alhamisi, nami nimeliandika neno hilo juu kabisa ya karatasi ili nikirudi kesho nisianze kubishana nalo. Namshukuru Mungu hata kwa hilo, ingawa nisidanganye mbele zake: shukrani hiyo inanitoka kwa shida, kama mtoto anavyoshukuru akinyweshwa kwinini.

Nimechelewa kumzika Zuzana. Nataka niliseme mwanzoni, maana nikilizungukazunguka nitalipoteza. Zuzana alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa miaka kumi na mitano, na kwa muda mrefu alikuwa zaidi ya ndugu. Alipofariki kule Ruashi, mwanawe wa kiume anayeishi Dar es Salaam alituandikia sote ujumbe kwa simu: mazishi ni Jumatatu, saa nne asubuhi. Debora alikuwa ameondoka siku chache kwa ajili ya mitihani yake. Niliusoma ujumbe mwenyewe, kwa miwani yangu, mara mbili. Nikapiga pasi kitenge cheusi, nikaandaa maneno niliyotaka kumwambia Zuzana kabla hawajafunika kaburi, kwa kuwa nilikuwa na neno lake moja ambalo sikuwahi kumpa. Siku ilipofika nikapanda teksi mpaka Ruashi. Nilikuta vijana wanapakia viti vya kukodi juu ya gari, na Astrida, binti yake Zuzana, amechuchumaa uani anasugua sufuria kubwa kwa majivu. Aliponiona akanawa mikono haraka. “Mama Filomena! Tulikungojea mupaka tukachoka. Tulishamuzika kazi moja. Leo iko kazi tatu, Mama.”

Msomaji asiye wa kwetu ataniwia radhi nieleze jambo dogo. Huku Lubumbashi siku za juma zilipewa majina na kazi. Siku ya kwanza ya kwenda kazini ni kazi moja, inayofuata ni kazi mbili, halafu kazi tatu, mpaka siku ya posho, ambayo wazee wetu walipewa unga na samaki wao wa juma, kisha Siku ya Mungu. Lakini Kiswahili cha pwani, kilichomo vitabuni, huanza kuhesabu kwingine, hivyo Jumatatu yake ndiyo kazi moja yetu. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisoma “Jumatatu” aweza kuona tatu akaenda siku ya tatu. Nilivyowaambia watu wa Ruashi ndivyo hivyo: huyu kijana wenu wa Dar amenipoteza na Kiswahili chake. Wakacheka kwa huruma, wakanipa kiti kilichokuwa bado hakijapakiwa, wakaniletea bukari, ndio ugali wetu, na mboga ya lengalenga iliyobaki, na kila aliyeingia alisimuliwa jinsi Kiswahili cha Dar kilivyomchezea bibi. Wote waliamini. Mimi nilimeza tonge langu bila kuamini, maana nimefundisha Kiswahili na dini kwa miaka yangu yote ya kazi, na somo la kwanza nililowapa watoto kila mwaka mpya wa shule lilikuwa hilo hilo: Jumatatu ni kazi moja. Nililijua neno hilo kama Baba Yetu. Na alinifundisha baba yangu, naye neno hilo hilo lilimponyoka kinywani nikimwangalia, mwaka mmoja wa enzi jimbo letu la Katanga lilipojitenga na Kongo.

Baba yangu Yoakimu alikuwa katekista katika mtaa wa Kenya, hapa mjini, enzi mji ukiitwa bado Elisabethville. Alifundishwa Kiswahili akiwa kijana upande wa ziwa, na padri mmoja aliyetokea Tabora, naye alikibeba Kiswahili kile kama mtu anayebeba mayai. Hakuthubutu kusema “muntu” wala “kazi mbili”. Alisema “mtu”, alisema “Jumanne”, na wanawake pale kwenye robine tulipochota maji hawakumwacha apumzike. “Juma ya katekista inaanzaka na tatu,” alisema mmoja, na mwenzake akamjibu kutoka chini ya ndoo, “Moja na mbili alishazikula ye mwenyewe!” Baba alisikia. Aliinua kofia, akasema, “Wanangu, juma lina kichwa na mkia. Nyinyi mmelishika mkia,” akapita zake. Chumbani kwetu, juu ya meza ya kulia chakula, ambayo baba aliifundishia pia, palitundikwa kalendari ya kuchana, karatasi moja kwa kila siku, ambayo mapadri walimpa kila mwaka. Asubuhi baada ya sala alichana karatasi ya jana, akatusomea jina la mtakatifu wa leo kwa sauti, akaikunja ile iliyochanwa akaiweka mfukoni ili aiandikie mahudhurio ya wanafunzi wake wa ubatizo. Sisi nyumbani hatukuwa na saa. Tulikuwa na kalendari ile na king'ora cha kiwanda cha shaba.

Mwaka ule king'ora kilianza kunyamaza. Kulikuwa na siku za risasi ambapo hakuna aliyetoka, tukalala sakafuni na magodoro yakiegemezwa madirishani, tukila unga wa mwisho kwa chumvi. Kazi ikisimama mjini kwetu, na majina ya siku husimama. Watu walitoka majumbani baada ya mapigano wakiulizana uzioni, “Leo iko kazi ngapi?” na majirani watatu walitoa majibu manne. Ndiyo maana hakuna aliyeona kwamba baba alikuwa anapotea kwa namna nyingine. Alichana karatasi asubuhi, akaenda kunawa, akarudi akachana ya pili. Akatangaza Ijumaa, mama akapika visamaki vikavu kwa kujinyima nyama ambayo hata hivyo hatukuwa nayo, na kesho yake baba akasema tena ni Ijumaa. Mara moja aligonga kengele ya kanisa siku ya posho, na bibi wawili wakaja na rozari zao wakakaa benchi la mbele, wakingojea Siku ya Mungu iliyokuwa haijafika. Mama alinivuta jikoni, akachukua kidonge cha bukari ya jana, akakiloweka kidogo kwa maji, akanipa karatasi alizookota chini. “Bandika,” akasema. “Na usisemee mutu. Katekista akipoteza siku, Wakristo batapoteza nini?”

Nikabandika. Nilikuwa na mikono myepesi, na bukari ni gundi nzuri kama mende hawajaigundua. Kila baba alipotoka nilihesabu, nikarudisha siku alizozichana mapema, nikazipiga pasi kwa kiganja. Asubuhi alizikuta, akazichana tena kwa furaha ile ile, akatusomea watakatifu wale wale. Nilidhani namtendea mema. Nakiri pia kwamba nilikasirika. Mtu aliyenipiga vidole kwa rula kwa kukosea Jumanne na Jumatano, sasa aliniuliza mara tatu kabla ya chakula kama tumekwisha kusali, na nilipomjibu mara ya tatu sauti yangu ilikuwa na miiba, na yeye akaniangalia kama mtoto aliyezabwa kofi bila kujua kosa. Sasa Debora anavyonijibu mara ya tatu, nausikia mwiba ule ule, na nauchukia, na sina haki ya kuuchukia.

Zuzana aliletwa kwetu katikati ya mwaka ule. Baba yake, Tatu Mukendi, alikuwa karani, mtu wa Kasai, na mwanafunzi mpenzi wa baba katika katekisimu. Watu wa Kasai nao humwita baba “tatu”, na sisi wote tulimwita hivyo. Wakati watu wa Kasai walipoanza kufukuzwa mitaani kama wageni, familia yake ilikimbilia kambi ya mahema nje ya mji, iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa wa kofia za buluu. Zuzana akashikwa na homa kule, maji yakiwa mabaya, na mama yake akamleta kwetu alfajiri moja amemfunika kitenge kama mzigo wa makaa. “Baba katekista, munichungie mutoto. Akipona tutamuchukua.” Akakaa chumba cha nyuma miezi miwili, tukilala mkeka mmoja. Alipopata nguvu alikuwa msichana wa kucheka sana. Alinisaidia kubandika. Alidhani ni mchezo wangu na baba.

Kisha habari ikaenea kwamba watu wa kambini watarudishwa Kasai kwa treni, kundi kwa kundi. Siku ya Mungu moja, mchana, mwanamke muuza mboga alikuja na fungu la sombe, majani ya muhogo, akamwambia mama alifungue yeye mwenyewe. Ndani ya majani palikuwa na karatasi iliyokunjwa. Mama hakujua kusoma. Baba aliifungua mezani, mimi na Zuzana tumeinama mabegani mwake. Tatu Mukendi aliandika kwa mwandiko wake wa ofisini kwamba familia yake imepangiwa treni ya Jumatatu, mchana, na kwamba katekista amlete Zuzana stesheni wakutane. Zuzana alipiga makofi. “Tatu ameandika tatu!” akacheka. Mimi nilielewa mara moja. Mtu yule, kwa heshima ya mwalimu wake, aliacha siku za mtaani akaandika kwa Kiswahili cha kitabu, maana alijua kwamba katika mji mzima hakuna mtu ambaye neno lile lilikuwa wazi kwake kuliko baba yangu.

“Baba,” nikasema, “Jumatatu ni kesho.”

Baba aliweka kidole juu ya neno. “Tatu ni tatu,” akasema. “Siku ya tatu akafufuka katika wafu, tunasema kila siku, na hatusemi kesho yake akafufuka. Hesabu, binti. Kazi moja. Kazi mbili. Kazi tatu.”

Katika maisha yangu sikuwa nimesikia maneno yale kinywani mwake. Alikuwa ameyakataa mbele ya mtaa mzima, na sasa yalitoka laini, kana kwamba alizaliwa nayo. Nikamtazama mama. Mama akatazama sombe. “Baba,” nikasema tena, polepole, “ulitufundisha kwamba Jumatatu ni...” Akapiga meza kwa kiganja. “Nani katekista hapa, mimi au wewe?” Zuzana alishtuka, akanikanyaga mguu chini ya meza ili ninyamaze, akidhani naleta utovu wa adabu kwa sababu yake. Nikanyamaza. Ningeweza kumchukua Zuzana pembeni. Ningeweza kukimbilia kwa padri. Usiku mzima na asubuhi nzima vilikuwa vyangu, na stesheni haikuwa mbali. Lakini kumwambia Zuzana ilikuwa kusema kwamba baba yangu hazijui tena siku, na mimi nilikuwa mwenye kubandika. Siku iliyofuata, jua lilipokuwa juu ya kichwa, nilikuwa nachambua sombe pamoja naye, naye akiimba, na tulisikia filimbi ya treni upande wa mjini. “Ile iko ya mizigo,” akasema Zuzana. Nikasema ndiyo.

Kazi tatu tulikwenda. Baba alivaa koti lake jeupe. Zuzana alibeba blanketi lake, sufuria ndogo, na maharagwe ya njiani ambayo mama alimchemshia. Stesheni palikuwa patupu, pamefagiliwa. Mfanyakazi mmoja wa reli alikuwa ameketi juu ya toroli anakula karanga. “Treni ya Kasai? Ile ya mwisho ilishaka kwenda kazi moja, Baba. Bantu balijaa mupaka ku milango.” Baba akatoa karatasi, akamwonyesha. “Imeandikwa Jumatatu.” Yule mtu akainama, akatafuna, akasema, “Basi ule aliandika, aliandika mubaya. Angesema kazi moja, mungefika.” Baba alirudisha karatasi machoni pake. Niliona midomo yake inasoma neno mara moja, mara mbili, halafu nikaona limemrudia. Sijui namna nyingine ya kulisema. Lilimrudia zima, na uso wake ukazeeka pale pale. Hakusema aliyekosea ni nani. Akachukua sufuria kutoka kichwani pa Zuzana, akaibeba yeye, katekista katika koti jeupe, mpaka nyumbani, na watu wakitutazama. Asubuhi ya pili baada ya sala hakuigusa kalendari. “Filomena,” akasema, “tangu leo utachana wewe.” Aliishi miaka minne zaidi akiniuliza siku kila asubuhi kwa adabu, kama mgeni anayeomba maji.

Baada ya hapo mtaa mzima uliamua kwamba kosa ni la Kiswahili cha kitabu. Zuzana mwenyewe hakuwahi kumlaumu baba. Lakini mara moja, kwenye robine, ndoo ikijaa, aliniuliza bila kunitazama, “Filo, we ulisomaka ile karatasi. Ulijua?” Nikasema, “Sikujua.” Maji yakamwagika juu ya miguu yetu. Barua ya kutoka Kasai ilipokuja miezi mingi baadaye kwa mkono wa mapadri, ilisema mama yake alisimama mlangoni pa behewa mpaka treni ikaondoka, na kwamba huko Kasai hakukaa sana, alifariki. Zuzana alibaki kwetu, akaolewa kutoka nyumbani kwetu, akazaa, akajenga Ruashi, na kwa zaidi ya miaka hamsini nilikunywa chai yake nikiwa na lile “sikujua” kooni.

Ndilo neno nililokwenda nalo kwenye mazishi. Na nilipokaa juu ya kile kiti cha kukodi, na watu wakinibandikia siku yangu kwa upole, kwamba ni Dar, kwamba ni simu, kwamba ni uchovu, nilijisikia hasira ambayo sijawahi kuungama. Daktari kijana alikuwa ameniambia mapema mwaka huu kwamba kumbukumbu yangu inapungua. “Maman, leo tuko date ngapi?” aliniuliza, nikamtajia mtakatifu wa siku ile, bila kosa, na yeye akaandika kosa. Nilirudi nyumbani nikimcheka. Debora alicheka nami. Alikuwa anabandika.

Basi jioni ile nilimshika Astrida mkono, nikamwambia aache sufuria. Nikamsimulia yote: karatasi, sombe, filimbi ya treni, robine. Nilisema kwamba nilijua. Nililia, na nilikuwa nimeliogopa neno lile miaka yote hiyo. Astrida alinisikiliza mpaka mwisho, akanipangusa uso kwa ncha ya kitenge chake. Kisha akasema taratibu, “Mama, ulishatuambiaka. Mwaka ulipita, Noeli, hapa hapa. Mama alikuwa anakaa pale.” Akanionyesha mlango.

Sikukumbuka. Nilitafuta ndani yangu kama mtu anayepapasa chini ya kitanda, na palikuwa patupu, pamefagiliwa kama ile stesheni. Nilikuwa nimeubeba mzigo miaka yote, nikautua, nikausahau kuutua, nikaubeba tena. Nikamuuliza, “Na mama yenu alijibu nini?” Astrida akacheka kidogo huku machozi yakimtoka. “Alisema: ‘Filo, unalilia nini? Tatu wangu aliandika, tatu wako alisoma, siye batoto tulibeba tu sufuria.’ Na wewe ukacheka, Mama. Mulicheka mupaka chai ikapoa.”

Ningetoa kila kilicho changu nikumbuke kicheko hicho. Na tangu siku ile najiuliza kama Zuzana alisema kweli hivyo, au kama Astrida, mtoto mwema, alichukua kidonge cha bukari akanibandikia karatasi. Sina njia ya kujua. Nimekaa na swali hili siku nyingi, au siku chache. Debora anajua ni ngapi. Lakini nilifundisha watoto maisha yangu yote kwamba kuna mambo tusiyoyaona tunayapokea kwa ushuhuda wa waliokuwapo. Wanawake walikwenda kaburini asubuhi, wakarudi wakasimulia, na mimi niliwaamini bila kuwaona. Nitamwamini na Astrida. Nimeyaandika maneno ya Zuzana kwa herufi kubwa, nimeyatundika juu ya meza mahali pa kalendari, na nimemwomba Debora jambo moja: nikikosea siku, mjukuu wangu, niambie. Niambie hata mara ya tatu, hata kwa mwiba. Usinibandikie. Treni za watu zinaondoka.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu azitunze siku zako, zile utakazozikumbuka na zile watakazokukumbukia wengine. Akupe mtu wa kukuambia kweli mezani pako, tena akupe sikio la kuipokea. Na siku jina lako litakapokuponyoka hata wewe mwenyewe, Yeye aliyefufuka siku ya tatu, asiyekosea hesabu, akuite kwa jina hilo, ufike kwa wakati.